Viti Arobaini vya Arusi ya Chiku

Neno lilishuka Iringa pamoja na magunia ya mchele, kwenye lori lililotoka Mbeya, na kabla magunia hayajapangwa sokoni lilikuwa limeshafika uani kwa Mwamvita. Lilisema hivi: Bi Jaha, mama yake Halfani, kaapa hatoki Mbeya kuja Iringa kukalia viti vya walevi.

Mwamvita alikuwa anamenya vitunguu. Aliyemletea habari, muuza ndizi wa pale kona, alibaki mlangoni aone uso wake utakuwaje.

"Mimi sisemi kitu, mama Chiku. Nimesikia tu."

"Kasikia nani kwa nani?"

"Makame, yule muuza kanga. Ndiye kaja na lori."

"Makame mwenyewe yuko wapi?"

"Kashapita. Wameshaondoka kwenda Dodoma."

Muuza ndizi akaenda zake, neno likabaki. Mwamvita akienda bombani analo, akikoroga uji analo, akisujudu analo. Zilikuwa zimebaki siku kumi na mbili Chiku, binti yake wa pekee, aolewe na Halfani, na baba wa mtoto alikuwa kaburini mwaka wa tatu. Kila kitu cha arusi ile kilikuwa kinamngoja yeye.

Wala hakuogopa bure. Dada yake mkubwa aliolewa Tabora, na siku ya arusi pilau ikashika moto chini. Pilau moja tu. Miaka ishirini baadaye watoto wa mawifi zake walikuwa bado wanamwita Bi Ukoko, na mwenyewe alikuwa anaitika. Mwamvita alikuwa radhi Chiku aende kwa watu na masanduku mawili badala ya manne, lakini si na jina la kuchekwa.

Tabu ni kwamba neno la Bi Jaha lilikuwa na ukweli ndani yake. Nyumba ya Mwamvita ilikuwa vyumba viwili na ua, na mwezi wa saba Iringa manyunyu hayana adabu. Basi alikodi ukumbi mdogo nyuma ya soko, ule wa bei nafuu. Ukumbi ulikuja na viti vyake, utake usitake. Vilikuwa arobaini, vya chuma na mbao, masalio ya kambi ya askari wa wakati wa vita vya Hitla. Siku za kawaida vilikaa kilabu cha pombe, ukuta kwa ukuta na ukumbi. Vilikuwa na alama za sigara na madoa ya ulanzi, ile pombe ya mianzi, na kimoja mtu alikichonga jina lake kwa kisu, herufi kubwa kama za bango. Hapakuwa na mtu mjini asiyevijua.

Evarista, jirani yake, mke wa karani, mtu wa Kilolo, alikuja jioni hiyo kuazima kinu akamkuta Mwamvita kakaa tu.

"Kamwene, mama Chiku. Unaumwa?"

"Siumwi. Nawaza viti."

Akamweleza. Evarista akacheka, kisha akaona mwenzake hacheki. "Sasa ninyi Waislamu si mnakaa mkekani? Mimi arusi zenu zote nimekaa chini mpaka miguu imekufa ganzi. Mikeka unayo minane humu ndani, ile ya marehemu mama yako."

"Watu wa Mbeya wana duka, Evarista. Niwakalishe kwenye sakafu ya saruji, na baridi hii? Watasema hata vile vya walevi tumenyimwa."

"Haya. Basi kina Bi Jaha wakae juu, na sisi miguu yetu ipone ganzi."

Asubuhi Mwamvita akamwita fundi Yotamu, seremala mpole aliyekohoa kabla ya kila jambo. Yotamu akavigeuza viti kimoja kimoja, akagonga miguu iliyolegea, akatikisa kichwa.

"Mama, hivi tuvikwangue kwa msasa, tuviache na mbao yake. Vitakuwa vibaya, lakini visafi."

"Nataka vipakwe rangi."

"Rangi ya mafuta? Mwezi huu?" Akakohoa. "Hapa kwetu mwezi wa saba hata shati halikauki, mama. Nipe wiki, na jua."

"Nakupa siku tatu, fundi. Ukumbi naupata Alhamisi ya wiki ijayo, arusi Jumamosi yake, na Jumatano nitawalilia watu wa kilabu watuachie viti mapema."

Rangi aliipata gereji, mabaki ya rangi ya malori, kijani kibichi cha kuumiza macho. Haikutosha. Ilipofika kiti cha ishirini na tano mkebe ulikuwa unakwaruza chini, na Mwamvita hakuwa na cha kununulia mwingine. Yotamu alikuwa ameenda kula. Mwamvita akachukua chupa ya mafuta ya taa, akamimina, akakoroga kwa kijiti, rangi ikarudi kujaa. Alijiona mwerevu. Yotamu aliporudi akanusa, akamtazama, akakohoa, akachovya brashi. Uchovu wa mtu hauonekani kwa kumtazama tu, lakini fundi aliuona wa Mwamvita, na hakutaka kumwongezea.

Ijumaa jioni basi likawaleta watu wa Mbeya, kumi na saba, vumbi mpaka kwenye kope. Wakafikia kwa ami yake Halfani. Ilimpasa Mwamvita akawasalimu. Hakwenda. Alijipa sababu ya nazi zisizokunwa, akamtuma mtu na chai na mkate wa kumimina, kwa sababu aliogopa kulisikia lile neno kwa kinywa cha mwenyewe.

Jumamosi kukapambazuka ukungu umekaa juu ya mji kama kifuniko. Ndoa ilifungwa msikitini, hilo lilikwenda salama. Wanawake walitakiwa ukumbini baada ya adhuhuri. Mwamvita alitangulia, akaweka kidole kwenye kiti cha kwanza. Kidole kikashika. Akajaribu cha pili, na cha kumi. Vile vya mwanzo vilinata kidogo. Vile kumi na tano vya mwisho, vya mafuta ya taa, vilikuwa kama asali.

Alisimama katikati ya ukumbi na kidole cha kijani. Alikwenda nyumba kwa nyumba akaazima kanga, akazikunja mara mbili mbili, akavifunika viti vyote, pindo kwa pindo. Evarista alimsaidia, akasema mara moja tu: "Kanga hizi ni za watu, mama Chiku."

"Najua ni za watu."

Kwa mbali ukumbi ulipendeza, hilo lazima lisemwe. Kanga nyekundu, nyeusi, za manjano, safu kwa safu. Watu wa Mbeya walipoingia na vigelegele, mmoja wao akasema, "Mashallah, Iringa nako wanajua mambo." Moyo wa Mwamvita ukatulia kwa muda wa kumeza mate.

Bi Jaha alikuwa mrefu, mwembamba, kavaa gauni la hariri ya zambarau. Alifika mbele ya kiti chake, akasita. Akaangalia chini, akaangalia pembeni kana kwamba anatafuta kitu, akamwangalia Mwamvita. Kisha akajishusha taratibu, mkono kiunoni, akakaa. Alikaa wima muda wote. Dufu zikapigwa, halua ikapita, mashairi yakaimbwa, na Mwamvita hakuondoa macho kwenye pindo la gauni lile.

Ndipo ukaja wakati wa mkaja. Watu wa pale wanaujua: ni nguo anayoletewa mama mzazi na upande wa mume, kwa ajili ya ile aliyojifunga tumboni siku alipomzaa mwali. Hakuna mama asiyeingoja. Bi Jaha akapewa ule mkaja, umekunjwa kwenye karatasi, akainuka ampelekee mwenzake.

Kiti kikainuka naye.

Bi Jaha akapiga hatua moja, kiti kikamfuata kikining'inia, na kanga ya watu imebanwa katikati. Msichana mmoja wa nyuma hakuweza kujizuia.

"Jamani, na kiti nacho kinakwenda kumtunza mama!"

Kicheko kikapasuka. Wa Iringa walicheka, na wa Mbeya wakacheka, mpaka walipotaka kuinuka ili wacheke vizuri, wakakuta na wao wameshikwa. Wanawake wawili walimkimbilia Bi Jaha, mmoja akashika kiti, mwingine akamshika yeye, wakavuta. Hariri ikalia. Nyuma ya gauni likabaki doa la kijani, upana wa sinia, na mpasuko kuanzia kiunoni kushuka chini.

Chiku, kajifunika kwenye jamvi la mwali, alikuwa amefunua jicho moja. Mwamvita aliliona lile jicho.

Hakuwaza. Alikwenda, akauchukua mkaja kwenye mikono ya Bi Jaha, akaukunjua mbele za watu, akamzungushia kiunoni, akafunga fundo.

"Mkaja wako huo, mkwe," Bi Jaha akasema kwa sauti ndogo.

"Jifunge tu."

"Gauni hili kaninunulia marehemu."

Mwamvita akalivuta pindo la mkaja lifunike doa.

"Nilinusa rangi toka mlangoni," Bi Jaha akaendelea. "Nikasema, mwenzangu kahangaika, nikikataa kukaa nitamwaibisha. Lakini si nilimtuma Makame? Nilimwambia, mwambie mama Chiku asihangaike na viti vya ukumbini, mimi mgonjwa wa kiuno, anitandikie mkeka nikae na watu wangu. Hakukwambia?"

"Hakupita kwangu."

"Na wewe hukuuliza?"

"Sikuuliza."

Walitazamana, wanawake wawili wajane, mmoja kavaa nguo ya mwingine. Kisha Evarista, ambaye hakungoja kutumwa, akaingia na mikeka minane kichwani na mikononi. Viti vikatolewa nje kwenye ukungu. Watu wakakaa chini, bega kwa bega, na kweli baridi ya saruji haikufika popote, maana mikeka ya ukindu wa zamani ni minene. Bi Jaha alinyoosha miguu akapumua. Shughuli ikaendelea mpaka alasiri, lakini kila wimbo ulipopoa mtu mmoja alicheka peke yake mahali fulani, na wengine wakadaka.

Jumatatu Chiku alipanda basi. Kanga za watu, kumi na sita hazikutakata hata kwa magadi. Mwamvita alizilipa moja moja mpaka karibu na mfungo.

Mwezi wa tisa kikaja kifurushi kutoka Mbeya. Ndani mlikuwa na mkaja, umefuliwa na kupigwa pasi, na barua ya Chiku. Alisema hajambo. Alisema mama mkwe ni mtu mwema, yeye Chiku humchua kiuno kila jioni na wanaongea. Alisema Halfani hana neno. Chini kabisa, kwa herufi ndogo, aliandika: "Ila watoto wa wifi wananiita Bi Kiti. Nimezoea kidogo."

Mwamvita alilisoma lile "kidogo" mara tatu. Aliuweka mkaja sandukuni bila kujifunga.

Evarista alikuja wiki hiyo hiyo. Binti yake, Yudith, alikuwa anaolewa mwezi wa kumi na mbili kanisani, na mume wa Evarista alishauliza bei ya ukumbi ule ule.

"Niambie, dada. Nifanyeje?"

"La kufanya silijui," Mwamvita akasema. "Najua la kutofanya." Akachukua ile karatasi iliyofungiwa mkaja, akailainisha juu ya paja, akalamba ncha ya penseli, akaandika kwa mwandiko wake wa darasa la nne:

Usilishike neno la sokoni kabla hujamwuliza mwenyewe aliyelisema.

Usikodi ukumbi kabla hujaviona viti, na ujue jana vilikuwa wapi.

Kiti kibaya usikipake rangi wiki ya arusi. Kikwangue, kioshe, kiache.

Usitie mafuta ya taa kwenye rangi ili iongezeke.

Fundi akikohoa usimkatize.

Usifunike kitu kibichi kwa kanga ya kuazima.

Wageni wakifika usikose kwenda kuwasalimu, hata kama nazi hazijakunwa.

Usiache mikeka nyumbani.