Mguu Mwepesi wa Babu

Gari la Babu lilikuwa jekundu, la milango miwili, la spidi, na tangu wiki ya pili baada ya kutoka gereji lilikuwa linafuka moshi. Wala si ule moshi wa kusema ni baridi ya asubuhi, ngoja lichangamke. Ulikuwa moshi wa bluu, mzito, wa oili inayoungua, unaobaki barabarani hata gari lenyewe likishakata kona. Kinyozi wa mkabala wa gereji alikuwa akifunga dirisha kila Babu anapopita, kisha analifungua na kuuliza kama dawa hiyo inaua na mende au ni mbu tu.

Aliyeisuka injini ya gari hilo alikuwa mjukuu wake, Nati. Jina hilo alibandikwa kwenye gereji aliyojifunzia kazi, kwa kuwa alikuwa mdogo wa umbo na mgumu kulegezwa, na likamganda hadi nyumbani. Miezi minane iliyopita aliaga huko, akakodi chumba chenye mlango wa bati, akaandika mlangoni kwa rangi nyeupe kwamba hapa injini zinafumuliwa na kusukwa upya. Mteja wa kwanza hakutafutwa mbali. Bomba la oili la gari la Babu lilipasuka njiani, injini ikakauka na kukwama, na gari likaletwa kwa kuvutwa. Nati alihangaika nalo wiki tisa. Alipeleka silinda zikachongwa, akaweka pistoni mpya na ringi mpya, vile vyuma vya duara vinavyovishwa pistoni, na kila kitu alikipima mara tatu, mara ya nne akakipima usingizini. Likawaka kwa ufunguo wa kwanza. Babu akamwita "mke wangu" mbele ya mtaa mzima, akauliza nani mwingine ana mke fundi. Bibi, ambaye siku zote gari lile alikuwa akiliita mke mwenza, akasema basi yeye sasa ni wa tatu kwenye foleni, atakumbukwa wakikumbukwa wengine.

Hayo yalikuwa wiki sita nyuma. Moshi ulianza wiki ya pili na haukukata.

Shida haikuwa Babu. Babu angelipenda gari lile hata likipumua masizi. Shida ilikuwa bosi wa zamani wa Nati, ambaye Jumatatu alipita kwa miguu, akasimama mbele ya mlango wa bati, mikono nyuma, akausindikiza moshi kwa macho mpaka ukaishia juu ya paa la kinyozi.

"Ni kazi yako ile?" aliuliza.

"Ni yangu."

"Ringi?"

"Nachunguza."

Bosi akatikisa kichwa polepole, kwa ule utaratibu wake wa kumkera mtu. "Mimi sikukufukuza, Nati. Uliondoka mwenyewe, na nilikuambia bado hujaiva. Sasa nakuja Jumamosi. Likiwa bado linafuka, funga hapa urudi kwangu, kabla hujaharibu la mtu asiye babu yako."

Kinyozi alikuwa ameshazima mashine, kaacha kichwa cha mteja nusu, ili asipitwe na neno. Mtu mwenye akili angesema ngoja nifikirie. Nati akili anazo, ila kiburi nacho kimemjaa, akasema, "Sawa. Likifuka, narudi." Alijuta kabla bosi hajafika kona.

Jumanne na Jumatano hakula vizuri. Alifungua plagi zote nne, akakuta zina utando mweusi wa oili. Akapima nguvu ya silinda moja moja, zikawa chini kidogo, zote nne sawasawa, na huo usawa ndio uliomchanganya. Silinda moja ikilegea unajua ulikosea wapi. Nne zikilegea kwa kipimo kimoja, basi umekosea kote, tena kwa uangalifu mkubwa. Akaangalia turbo, ile feni inayoisukumia injini hewa, ikawa kavu, haivuji oili. Akarudia vipimo vyake kwenye daftari, mstari kwa mstari, akitafuta alipochemsha, asipaone.

Jumatano jioni alikwenda kwa babu na bibi yake, akakaa jikoni ameshika tama. Bibi alikuwa anapanga vyombo. Alimwangalia mjukuu wake weee, mwisho akamuuliza, "Hivi wewe, tangu ulitengeneze hilo libibi, umeshapanda na babu yako akaliendesha?"

"Nililijaribu mwenyewe siku ya kwanza. Halikutoa hata uzi wa moshi."

"Sijauliza wewe. Nimeuliza yeye."

Nati akafikiri. Hajapanda.

"Panda," Bibi alisema. "Mimi yule nimekaa naye. Hajawahi kuharakisha kitu duniani. Kuja kunichumbia tu alizunguka miaka minne, mpaka mama yangu akafikiri ni mpima viwanja."

Alhamisi asubuhi Nati akapanda. Babu kwanza aliliwasha gari, kisha akakunja mikono kifuani, akatulia. Zikapita dakika tano. Zikapita kumi.

"Tunamsubiri nani?" Nati aliuliza.

"Nalichangamsha. Kila siku nalipa dakika ishirini. Usiwe na papara, mke wangu."

Nati akaangalia saa. Zilipotimia ishirini wakatoka. Babu alipanga gia ya kwanza, ya pili, ya tatu, ya nne, zote ndani ya umbali wa nyumba sita, na hapo akatulia. Mshale wa mwendo ulisimama kwenye thelathini. Baiskeli ikawapita, na mwenye baiskeli alikuwa amebeba godoro. Kwenye kituo cha mafuta mwanamume mmoja akavua kofia na kuinamisha kichwa, kisha akaona ni gari jekundu, akairudisha kofia kwa aibu.

Ndipo Nati alipofumbuka macho. Jambo lenyewe alilijua tangu utotoni, alilijua mno hadi akalisahau: Babu alikuwa dereva wa gari la kubebea maiti. Miaka thelathini na mmoja, mwendo mmoja, mguu mwepesi usioyumbisha hata shada la maua. Siku aliyostaafu akanunua gari la spidi kuliko yote aliyoweza kuyapata, kila mtu akacheka, na hakuna aliyeuliza analiendeshaje.

"Babu, simama pembeni."

Babu akawasha taa ya kuashiria, akasubiri, akaangalia kioo, akasubiri tena, akasimama.

"Ile karatasi niliyokubandikia hapa mbele, iko wapi?"

Babu akafungua kidroo, akaitoa, imekunjwa vizuri mara nne. Mwandiko wa Nati ulikuwa bado unasomeka: gia ya tatu, panda kutoka arobaini hadi tisini kwa nguvu, achia mguu lishuke lenyewe, rudia mara ishirini, usiliache likinguruma limesimama.

"Uliisoma?"

"Neno kwa neno."

"Sasa?"

"Nikaona mtoto wa watu kachoka, wiki tisa hajalala, kaandika kinyume. Nikakusitiri. Sikumwambia hata bibi yako."

Nati alitaka kucheka na alitaka kupiga kichwa kwenye kioo. Akavuta pumzi, akaeleza. Ringi mpya haijakaa. Inataka kusukumwa na moto wa injini mpaka ijibane ukutani mwa silinda, vyuma viwili visuguane, vizoeane. Ukiibembeleza haibani. Isipobana, oili inapanda juu na kuungua, na ukuta wa silinda unang'aa kama kioo, na ukishang'aa sana hapo hakuna dawa ila kufumua upya. Gari lilikuwa limetembea kilomita mia mbili kasoro, zote za mwendo wa kusindikiza.

"Kwa hiyo ni mimi," Babu alisema.

"Ni wewe. Kwa mapenzi, lakini ni wewe."

"Na limeshaharibika?"

"Sijui, Babu. Labda bado. Kesho tutajua."

Kurudi waliendeshwa na Nati, na Babu njia nzima hakutania hata mara moja, jambo lililomtisha Nati kuliko moshi.

Ijumaa asubuhi walikwenda kwenye barabara inayopanda kwenye matangi ya maji, pana, nyoofu, isiyo na watu. Nati angeweza kuliendesha mwenyewe. Alilifikiria hilo usiku mzima. Lakini akiliendesha yeye, litapona leo, na Jumatatu Babu atarudia bembeleza yake na moshi utarudi. Akakaa kiti cha abiria, akafunga mkanda.

"Gia ya tatu," alisema. "Kanyaga."

Babu akakanyaga. Arobaini, arobaini na tano, hamsini, na hapo mguu ukainuka wenyewe.

"Tena."

Hamsini na mbili.

"Babu, nyuma hatukubeba mtu."

Babu akaangalia kioo. Wallahi aliangalia kioo, mzee yule, kuhakikisha. Kisha akasimamisha gari pembeni na kuacha mikono juu ya usukani.

"Siwezi, mjukuu wangu," alisema, na hakusema "mke wangu". "Nikikaza mguu nasikia wanaolia. Miaka yote ile nilijua nikiongeza mwendo kidogo tu, kuna mama nyuma yangu ataona naharakisha kumwondolea mwanawe. Hilo moja. La pili, hiki kitu umekitengeneza wewe. Ni kazi yako ya kwanza. Nilikuwa nataka kidumu. Kikivunjika kwa mguu wangu, nitakuangalia usoni vipi?"

Nati akamgeukia. Wiki zote hizo alikuwa akimlaumu fundi wa silinda, muuza ringi na mikono yake mwenyewe, kumbe mzee wa watu alikuwa anamwogopea.

"Nimekipima mara tatu," alisema. "Kimetengenezwa kikanyagwe. Ukikionea huruma ni kama hukiamini. Mguu ni wako, injini ni yangu. Ikivunjika nitajilaumu mimi, na kesho nitarudi kwa bosi nikafagie chini. Sasa kanyaga, au nimwite Bibi aje akanyage."

"Bibi yako hana leseni."

"Ndiyo maana atakanyaga."

Babu akacheka, na bado anacheka akatia gia ya tatu, akakaza mguu. Sitini. Sabini. Turbo ikaanza kupiga mluzi, mgongo wa Nati ukabanwa kwenye kiti, themanini, tisini. "Achia," akasema, na gari likashuka lenyewe, na nyuma yao barabara nzima ikawa bluu. Wakageuza, wakarudia. Mara ya nne moshi ulikuwa vilevile. Mara ya saba Nati alianza kuhesabu kimoyomoyo zana zake, zipi atabeba na zipi ataacha. Mara ya kumi na moja aliona kwenye kioo mti uliokuwa nyuma yao, na hakuwa ameuona tangu waanze.

Mara ya kumi na nane akateremka. Ukiwa ndani huwezi kuwa na hakika, na moshi unatazamwa kutoka pembeni. Akamwambia Babu ashuke hadi chini, ageuze, apite mbele yake kwa nguvu, aachie mguu, arudi. Babu akashuka, akageuza, akapanda, akampita kama hamjui. Alipoachia, kwenye bomba ukatoka uzi mwembamba wa bluu, ukakatika. Kisha akakaza tena, akapita matangi ya maji, akapotea.

Nati akasubiri. Dakika tano, dakika kumi na tano, akaanza kujiuliza atamwambia nini Bibi. Ilipokaribia nusu saa gari likateremka, linapiga mluzi, nyuma yake hamna kitu, barabara tupu na anga.

"Ulikuwa wapi?"

"Nilikuwa nahakikisha," Babu alisema. Kofia yake ilikuwa imegeuka upande, na wala hakuwa na habari nayo.

Nati akachukua kitambaa cheupe, akakiingiza kwenye bomba la moshi, akazungusha. Kikatoka cheusi, lakini kikavu, masizi matupu, hayatelezi. Akakaa chini palepale kwenye changarawe, akalia kidogo, na Babu akajifanya anakagua tairi.

Jumamosi bosi alifika saa tatu kamili. Kinyozi alikuwa amehamishia kiti nje. Bosi hakusalimia sana, akasema liwashwe, likawashwa. Akasema likimbizwe, Babu akalipeleka hadi mwisho wa barabara na kulirudisha kwa namna iliyomfanya kinyozi akumbatie kiti chake. Bosi akainama nyuma ya gari, akasubiri bomba lipoe, akatia kidole, akakisugua kwa dole gumba, akanusa. Akazunguka gari mara mbili. Mtu aliyemjua angeona kwamba anatafuta kosa, na kwamba halipati, na kwamba kutolipata hakumfurahishi wala hakumuudhi.

"Ulichonga kwa kipimo gani?" aliuliza.

Nati akamtajia. Bosi akaitika, akafuta kidole kwenye suruali.

"Benchi lako kule kwangu," alisema, bila kumtazama, "sijampa mtu. Miezi minane. Vijana wakiuliza nawaambia lina mguu mbovu." Akakohoa. "Jumatatu nitampa mwingine."

Nati hakuwa amelijua hilo. Alikuwa amejiandaa kushindwa, alikuwa amejiandaa na kushinda, lakini si hili. Alimtazama bosi amesimama mikono nyuma, akaona kwamba alikuwa akimwombea ashindwe kwa sababu tu alimkosa, alitaka arudi.

"Mpe, bosi," alisema. "Ila mwambie alikaze vizuri. Kweli lina mguu mbovu."