Mke wa Mwenyekiti wa Ighamba

Fanueli aliporudi kutoka vita vya Uganda, kijiji kizima cha Ighamba kiliteremka mlima mpaka barabarani kumpokea. Mkewe Asteria alikuwa mbele ya wote, mtoto wao Redempta mgongoni, akiona fahari hata kutembea kukamshinda.

Jumapili baada ya ibada wanaume walimzunguka nje ya kanisa awasimulie. Alisimulia habari za magereza waliyoyafungua kule Kampala, na watu waliotoka humo wakiziba macho kwa sababu ya mwanga.

"Yule mtawala wao hakuanza kwa kuua," alisema. "Alianza kwa kushangiliwa."

Kisha ikaja ile miaka ya shida. Sukari ikawa ya kunusa. Sabuni ikapotea kabisa, wanawake wakafulia majani ya mpapai. Bartholomeo, muuzaji wa duka la ushirika, kila ukienda alikuwa na jibu moja: vitu havijaja. Siku moja Fanueli aliingia nyumbani kwa huyo Bartholomeo na vijana watatu, wakavuta magunia ya sukari kutoka chini ya kitanda. Watu walimbeba Fanueli juujuu. Mkutano wa kijiji ukamchagua mwenyekiti bila mpinzani, na Asteria akapiga vigelegele mpaka sauti ikamkauka.

Mwanzo ulikuwa mzuri, tusidanganyane. Mche wa sabuni ulikatwa kwa waya mbele ya watu wote, na hata ajuza asiye na mtoto alipata kipande chake. Hakuna aliyepewa kwa kujuana. Watu walisema, kumbe tulikuwa tunamhitaji mtu mkali.

Redio ilipotangaza vita dhidi ya wahujumu uchumi, Fanueli aliwafanya vijana wale kuwa mgambo wake, akaweka gogo kukinga njia ya kuteremkia mjini Same. Kila mzigo ukapekuliwa. Bartholomeo alichukuliwa wa kwanza, na hakuna aliyemlilia. Baadaye jirani mmoja alinung'unika kwamba kipimo cha sukari kimepungua. Huyo hakuguswa hata kwa kofi. Sukari ilipokuja, ilimpita tu, na ilipokuja tena ikampita tena. Baada ya hapo hakuna aliyenung'unika.

Asteria aliyajua mabadiliko hayo kisimani kabla ya kuyajua nyumbani. Zamani alipofika wanawake walikuwa wakimwita kwa jina na kumtania kwa ndoo yake iliyotoboka. Sasa walinyamaza, wakasogeza ndoo zao pembeni.

"Tangulia, mama mwenyekiti."

"Jamani, nimewakuta."

"Hapana, mama. Tangulia tu."

Alichota maji upesi, akajitwisha ndoo.

Mwaka ule mvua za vuli zilikataa, na watu wakabaki kutegemea ndiva, lile bwawa la mababu ambamo maji ya mlimani hujaa usiku, asubuhi yakafunguliwa kwenda mashambani kwa zamu. Mzee Tumainieli ndiye aliyeyasimamia tangu ujana wake. Fanueli alipotuma mgambo waseme shamba la mwenyekiti limwagiliwe kwanza, kwa kuwa mwenyekiti yuko kazini kwa niaba ya wote, mzee alijibu kwamba maji hayamjui mwenyekiti. Kesho yake alitangazwa kuwa adui wa maendeleo, na mgambo akasimama kwenye ndiva badala yake. Maharage ya Fanueli yakastawi. Ya wengine yakaanza kujikunja.

Ndipo janga lilipomkuta Erasmo, kaka yake Asteria. Mkewe Koleta alikuwa amejifungua, na nepi hazitakati kwa majani ya mpapai. Erasmo alivuka mpaka wa nchi hadi Taveta, akarudi na miche ya sabuni ndani ya mfuko wa tangawizi. Kwenye gogo wakamkamata. Walimpiga kwa vitako vya bunduki mgongoni, wakamfungia kwenye stoo ya ofisi ya kijiji, na mchana wakawa wanamtoa kuponda mawe ya barabara, watu wote wakimwona. Koleta akanyimwa zamu ya maji.

Asteria alimsubiri mumewe aje kula. Alimnawisha mikono, akamwekea makande, kisha akapiga magoti.

"Baba Redempta, yule ni shemeji yako. Ni sabuni ya mtoto mchanga."

"Najua."

"Basi mwachie."

"Nikimwachia wa kwangu, wa wenzangu nitawafungaje?"

"Usiwafunge."

Fanueli aliweka kijiko chini. Hakukasirika, na hilo ndilo lililomtisha Asteria zaidi. Alimtazama kama mtu anayemweleza mtoto.

"Watu hawa ulikuwa unawasikia wakilia hawana sukari? Nani aliwapa? Ukilegeza kidogo tu, yote yanarudi kama zamani. Mimi sijifanyii mimi."

"Na maharage yetu, ni ya nani?"

Alikula akamaliza, akanawa, akaondoka.

Asubuhi Asteria alimwachia jirani mtoto, akachukua jembe, akaenda kwenye ndiva. Fredrick, kijana wa mgambo aliyekuwa zamu, alisimama haraka na kumwamkia, "Shikamoo, mama." Aliitikia marahaba, akampita, akaingia majini na kanga yake na kung'oa kizibo cha mlango wa maji. Kisha akapiga jembe kwenye mfereji, akayageuza maji yaende upande wa Koleta na wenzake.

"Mama, mwenyekiti hajasema!"

"Nimesema mimi."

Wanawake waliokuwa wakipalilia waliinuka mmoja mmoja. Hakuna aliyesogea. Walimtazama kama mtu anayetembea kwenye ukingo wa jabali. Koleta peke yake ndiye aliyekuja, mtoto mgongoni, akashika mpini wa jembe pamoja naye.

Fanueli alifika akihema, ameitwa. Alipomwona mkewe amelowa mpaka kifuani, mbele ya kijiji kizima, uso wake ulikuwa wa mtu aliyechapwa.

"Mkamateni," alisema.

Fredrick alitazama chini. "Mwenyekiti, huyu ni mama."

"Nimesema mkamateni!"

Hakuna aliyenyanyua mkono, basi akamvuta mwenyewe. Alimburuta kutoka kwenye ndiva hadi ofisini, kanga ikimwanguka, watu wakifuata kwa mbali. Akamfungia stoo, pamoja na kaka yake. Katika ghasia ile hakuna aliyekumbuka kurudisha kizibo. Maji yalitiririka kutwa nzima, mashamba yote ya chini yakanywa.

Mchungaji wa kanisa aliposhuka Same kuwalilia wakubwa, waliachiwa. Asteria hakurudi kwa mumewe. Alimchukua Redempta, wakaenda kuishi kwa Erasmo, ambaye mgongo wake haukunyooka tena. Watu walimletea ndizi na maharage kwa siri, kupitia mlango wa uani. Uchaguzi ulipofika, Fanueli alisimama peke yake, na hao hao waliomletea Asteria ndizi wakampa kura.

Kilichomwondoa hakikuwa watu. Serikali iliruhusu biashara, na malori yakaanza kushusha Same mitumba, sabuni, sukari, kila kitu. Asiyemhitaji mwenyekiti kwa sabuni hakumhitaji kwa lolote. Gogo la njiani likaachwa, likaoza. Fanueli hakungoja kuaibika; aliuacha uenyekiti, akateremka Same, akafungua duka la jumla. Alijua kupanga foleni, alijua madereva, alijua nani anahitaji nini. Alinenepa.

Miaka ilipita. Siku ya soko Asteria aliteremka na Erasmo kuuza tangawizi. Walipita mbele ya lile duka kubwa. Fanueli alikuwa ameketi kibarazani, akachangamka kuwaona.

"Shemeji! Karibuni soda."

Erasmo alivua kofia yake upesi, akainama na ule mgongo wake mbovu.

"Habari za kazi, mwenyekiti."

Asteria alimshika kaka yake mkono, akamvuta mpaka walipofika mbali, penye kelele za wauza mitumba. Alikuwa akitweta.

"Kaka, kwa nini? Si mwenyekiti tena. Si kitu!"

Erasmo aliitazama kofia iliyokuwa bado mkononi.

"Sijui, dada," alisema. "Mkono umefika kichwani kabla sijafikiri."

Wakatandika gunia, wakaanza kupanga tangawizi.