Ufunguo wa Seva ya Pili

Fundi mkuu alikuwa ameshika kalamu tayari, lakini hakutia saini fomu ya kuukubali mfumo mpya. Taarifa aliyoletewa na shemeji yake, mume wa dada yake, ilikuwa safi kupita kiasi: majaribio kumi, mafanikio kumi. Katika miaka yote aliyofanya kazi ndani ya chumba kile cha baridi cha seva, hakupata kuona mtambo ukitii mara kumi mfululizo.

Seva mbili za hospitali zilitumia diski moja yenye majibu ya maabara. Moja ilifanya kazi, ya pili ikikaa macho. Zikipoteza mawasiliano, ya pili ilipaswa kuizuia ya kwanza isiiguse diski, ndipo ishike zamu. Zikiandika zote kwa pamoja, majibu ya damu ya mgonjwa mmoja yangeweza kuangukia jina la mwingine. Maabara ingeanza kuutumia mfumo huo saa nane mchana.

“Ulijaribuje, shemeji?”

“Nilizima seva ya kwanza, ya pili ikashika.”

“Uliizima kabisa?”

“Sasa niizime nusu?”

“Hapo umemfungia mlango maiti. Mimi namtaka aliye hai, tena mkaidi.”

Shemeji alicheka, ila macho yake yalikimbilia saa ya ukutani. Fundi alikitilia shaka hata kile kicheko.

“Sema tu huniamini. Nyumbani nitamwambia nini dada yako?”

“Mwambie dada yake, mimi hapa, ana kichwa kigumu. Anajua.”

Akachomoa kebo iliyoziunganisha seva. Kwenye kioo cha kompyuta pakatokea neno: imezuiwa. Hata hivyo taa ya seva ya kwanza iliendelea kupepesa, bado iliandika. Akafungua orodha ya funguo, namba ambazo diski hutumia kuzitambua seva. Kila seva ilipaswa kuwa na wake; hapa ufunguo ulikuwa mmoja, umeorodheshwa mara mbili. Diski haikuwa na namna ya kujua nani wa kukataliwa.

“Umenakili faili ya ufunguo,” alisema kwa sauti kavu.

“Mimi? Tazama nani kanakili.”

Akatazama. Jina kwenye kumbukumbu ya faili lilikuwa lake mwenyewe, tarehe ya wiki moja kabla ya kumkabidhi shemeji kazi. Alikuwa ameinakili seva ya kwanza nzima, pamoja na ufunguo wake, ili aipate ya pili na kuokoa siku moja.

Akaandika kwenye fomu: *imekataliwa, kosa ni langu*. Kisha akaipigia maabara simu, akawaomba waendelee na karatasi.

Alipoweka simu chini, shemeji alikuwa amekwisha kukalia kiti cha fundi mbele ya kioo.

“Na kitu gani kingine ulinakili wiki ile, shemeji?”

Fundi mkuu alifungua kinywa ajibu, akagundua kwamba hajui.