Mayai Mazito ya Mzee Lomuria

Kisa hiki ni kweli tupu, haki ya Mungu. Anayebisha apande lori hadi Kakuma, asimame katikati ya mchanga wa laga Tarach, ule mto mkavu, saa saba mchana, bila kofia, aape kuwa ni uongo. Akirudi na ulimi wake mdomoni, tutazungumza.

Ilikuwa Pasaka ya mwaka tisini na nane. Mzee Lomuria alikuwa amestaafu udereva wa lori la misheni, lakini mdomo wake ulikataa kustaafu. Uliendelea na safari zilezile, Lodwar hadi Nariokotome, Lodwar hadi Kaikor, na kila safari ulirudi na mzigo mkubwa zaidi. Lori likikwama mchangani, alisimulia, alifunga kamba kwa mamba wawili wa ziwani wakalivuta. Ukicheka anakuuliza, "Ulikuwepo?" Basi unanyamaza, kwa sababu kweli hukuwepo.

Jambo moja tu hakulifanyia mzaha. Wazee wa rika lake hawakula mayai. Yai, kwao, lilikuwa chakula cha watoto na wageni. Mwanamume aliyekulia maziwa na nyama akikamatwa na kiini kwenye ndevu, jina lake limekwisha, na rika linamtoza mnyama. Lomuria ndiye aliyekuwa mkali kuliko wote. "Mimi nile mayai? Hiyo kitu inatoka wapi kwa kuku, unajua?"

Na Lomuria huyohuyo, miaka yote ya udereva, alikuwa na kibanda chake cha chai nyuma ya soko la Lodwar. Aliketi akiupa mlango mgongo, akaagiza mayai kwa vidole bila kutamka neno.

Sasa, ng'ambo ya uzio wake, upande wa kambi ya wakimbizi, aliishi mshonaji mmoja kutoka Uvira, Kongo, Mama Céline, na wanawe wawili, Sonia na mdogo wake Guy. Huko kwao masista walimfundisha tangu utotoni kupamba mayai ya Pasaka. Vita vilimnyang'anya nyumba na cherehani ya kwanza, lakini hilo hakuliachilia. Wiki nzima alikusanya mayai ya kuku wake, akayaweka kando ya mtungi wa maji yasiharibike. Alfajiri ya Ijumaa Kuu akayachemsha yote, akayafunika kwenye sufuria, kwa kuwa kwaya yake ilialikwa kuimba Lodwar na angerudi Jumamosi jioni.

"Mzee, ninakuachia batoto bangu na mayai yangu," alisema, mguu mmoja tayari ndani ya lori. "Kesho batapaka rangi. Mutu asiguse."

"Mama Sonia, nenda uimbe. Mayai na mimi ni kama samaki na mlima."

Watoto wakaenda Njia ya Msalaba. Lomuria akabaki na sufuria. Alikaa mbali nayo. Akasogea kivulini, na kivuli kwa bahati mbaya kilikuwa upande wa sufuria. Akafunua kifuniko, ili tu ahakikishe yapo. Yalikuwepo, meupe, mazuri kama meno ya bibi harusi. Akajiuliza, je, yameiva? Mlinzi mwema lazima ajue analinda nini. Akaonja moja. Lilikuwa limeiva. Lakini la pembeni je?

Ijumaa Kuu, jamani! Watu wamefunga, wanalia barabarani nyuma ya msalaba, na mzee wa watu anamenya. Alipoinua kichwa, sufuria ilikuwa na maji tu, na kuku wa Céline walikuwa wanadonoa maganda miguuni pake wakimtazama vibaya.

Akilini hakuona mayai tena. Aliona uso wa Ekidor, mwana-rika wake, akicheka mbele ya watu. Akavaa koti lake la mvua, na mvua haikuwepo wala haikutarajiwa, akateremka lagani. Alirudi amebeba mifuko iliyojaa kokoto nyeupe, laini, za mviringo, akazipanga ndani ya sufuria moja moja.

Asubuhi ya Jumamosi watoto walitandika gunia uani. Walikuwa na maji mekundu ya maganda ya vitunguu, manjano ya pilau, buluu ya kufulia, na karkade, maua makavu ya chai, ambayo jirani yao Msudani, Mama Athieng, aliwapa ikatoa zambarau ya kiaskofu. Guy alichukua "yai", likamponyoka, likaanguka kwenye mkebe wa rangi: ngo!

"Babu," Sonia akasema, akilipima lake mkononi. "Haya ni mawe."

"Nani amesema mawe? Haya ni mayai ya Nariokotome. Hujasikia huko mifupa ya zamani imegeuka mawe? Sasa kama mfupa unaweza, yai litashindwa? Nilimwomba padri mmoja rafiki yangu, akanitumia usiku."

"Na ya Mama?"

"Tumebadilishana. Ya Mama yangeoza kwa jua hili. Haya hayaozi milele."

"Ndani yana kiini?"

"Kabisa. Kimelala tu."

Guy aliamini palepale, akaanza kulibembeleza lake kwa wimbo. Sonia alimtazama babu, akatazama kuku waliokuwa bado wanadonoa vipande vyeupe karibu na kiti chake. Akachovya kokoto kwenye zambarau, akaichora mistari na misalaba kwa kijiti, taratibu, kwa upendo. Mchana kuku mmoja alipotaga, Sonia alichukua yai lile lingali na joto, akalichemsha, akalitia zambarau, akalichora mistari na misalaba ileile.

Jumapili baada ya misa, Céline alitandaza mkeka chini ya turubai. Wageni walikuwa wachache: Mama Athieng, Mzee Ekidor aliyefuata harufu ya pilau, na Lomuria, aliyekuja amejinyoosha kama bendera. Mayai yalikuwa kwenye ungo, yanang'aa.

"Mazuri!" Céline alipiga makofi. "Na nani ataanza?"

"Babu ndiye alilinda," Sonia akasema. Akachagua moja, akaliweka kiganjani mwa Lomuria kwa mikono miwili, kwa heshima zote. Kando yake akasogeza kisahani cha chumvi.

Lomuria alicheka kwa kujiamini. Jiwe humenyi, utalisifu na kulirudisha. Lakini vidole vilijua kabla ya kichwa. Vililigonga gotini, vikalisugua kati ya viganja, ganda likatoka zima kama soksi. Chumvi kidogo. Nusu ya yai ilikuwa imekwisha kuingia alipoona watu wote wanatazama vidole vyake.

"Lomuria," Ekidor aliita polepole.

"Mm."

"Mimi nina wajukuu. Wanakula mayai kila siku. Hakuna hata mmoja anamenya hivyo."

"Nilikuwa... nawaonjea watoto. Labda kuna sumu."

"Na hiyo chumvi ni dawa ya sumu?"

Mama Athieng alijifunika uso kwa kanga, mabega yakitikisika. Céline akachukua yai la pili kwenye ungo, akaligonga kwenye sinia. Ngo. La tatu. Ngo.

"Hayo ni ya Nariokotome, Mama," Sonia akaeleza kwa sauti ya malaika. "Babu anasema kiini kimelala."

"Ulikuwepo?" Lomuria alimgeukia Ekidor, ila neno lilitoka jembamba, limechakaa.

"Nipo sasa," Ekidor akajibu. "Rika litakula mbuzi yako ile ya madoa. Leo."

"Na mimi," Céline akasema, "ninataka mayai yangu. Ya kuku. Batoto banangoja."

Mbuzi akaenda. Lomuria mwenyewe ndiye aliyemvuta kwa kamba, na wana-rika wakagawana minofu wakimwachia, kwa ukarimu mkubwa, kwato. Kisha akafunga safari hadi madukani Kakuma, jua likiwa kali na kila mtu yuko nje. Akarudi katikati ya barabara amebeba trei la mayai kwa mikono miwili, Sonia kando yake, Guy mbele akiwasogeza watu kando kama polisi.

"Ejoka, Apa!" akina mama wauza kuni walimsalimu kwa Kiturkana. "Hayo mayai ni ya nani?"

Lomuria akavuta pumzi. Hadithi ilikuwa tayari, ndefu, yenye mamba ndani yake. Sonia akakohoa.

"Ya watoto," mzee alisema. "Mimi nilikula yao."