Damu Safi ya Nassibu

Jino la kwanza la Mwanahawa lilitoka kwa ngumi, na hilo hakulisikitikia sana kwa kuwa lilikuwa bovu tangu zamani. Alidiriki hata kuwatania mashoga zake kwamba mumewe kamwepusha na koleo la daktari. La pili lilikuwa zima, tena la mbele, na lilitoka kwa kifuniko cha sufuria, kisa chai ilikuwa ya moto. Chai! Sasa chai mtu aitakeje?

"Unataka kuniunguza!" Nassibu alifoka, jasho likimchuruzika mpaka kidevuni, na huo ulikuwa mwezi wa sita, Tabora nzima imejikunyata ndani ya mablanketi. Akapindua meza. Akaupiga teke mlango ukang'oka bawaba, akatoka nje kifua wazi na kumkaba koo jirani aliyekuwa akipita zake kwenda msikitini. Wanaume wanne walimbandua kwa shida. Alipoachiwa alikaa barazani, akalia kwa kwikwi, kisha akaomba ugali.

Huyo ndiye Nassibu, fundi seremala wa mtaa wa Ng'ambo, mjukuu wa mpagazi aliyefika na pembe za ndovu begani, akaichoka njia ya Ujiji na kuoa hapo hapo. Miaka miwili nyuma alikuwa mtu wa sauti ndogo, akikusalimu inabidi umwambie arudie. Randa yake ilikuwa ikiteleza juu ya ubao wa mninga hata usiisikie. Sasa mikono inamtetemeka, randa inaruka na kuchubua ubao. Anakula sahani tatu, anaomba ya nne, na bado mkanda unatobolewa matundu mapya. Macho yamemtoka. Analala juu ya saruji bila shuka, na Mwanahawa akimwekea sikio kifuani anausikia moyo ukienda mbio, nao umelala chini haujakimbizwa na mtu.

"Huyu si yeye," Mwanahawa alikuwa akijiambia kila akijikanda uvimbe kwa maji ya chumvi. "Huu ni ugonjwa." Alimpenda mumewe, tusizunguke, na maneno hayo mawili matatu ndiyo yaliyomweka ndani ya nyumba ile.

Wengine hawakuwa na subira hiyo. Wakati ule serikali ilitaka kila mtoto akae darasani, na karakana ya ushirika ya maseremala ilikuwa ikitengeneza madawati asubuhi hadi jioni. Siku moja fundi mwenzake, Shaban, alimwambia kwa upole kwamba mguu wa dawati lake umekwenda upande. Nassibu aliinua nyundo ya mti akamshushia begani. Mfupa wa mtulinga ukalia kavu, Shaban akaanguka, na kabla hajavuta pumzi ya kupigia ukelele alipigwa ya pili, ya uso. Damu iliruka juu ya madawati mapya. Kesho yake mwenyekiti wa karakana alikuwa akipita mtaani akitangaza kwamba Nassibu ni mhujumu wa elimu ya watoto wa taifa, kana kwamba mtu aliyevunjwa mfupa ni taifa na si Shaban.

Shauri likaletwa kwa Mzee Mussa, balozi wa nyumba kumi. Abbasi, kaka yake Mwanahawa, alifika moja kwa moja kutoka machinjioni, kisu kingali kiunoni.

"Balozi, mimi nachinja ng'ombe kwa heshima kuliko huyu anavyompiga dada yangu," alisema. "Leo naondoka naye."

"Kaka, mume wangu mgonjwa," Mwanahawa alisema.

"Mgonjwa wa nini? Si mlikwenda kupima?"

Walikwenda, kweli. Mara mbili walikwenda kituo cha afya, mara mbili wakamtoa damu. Wakatafuta malaria, wakatafuta kaswende isije ikawa imempanda kichwani, wakaangalia wingi wa damu yenyewe. Safi. Mganga wa kituo alimwambia Mwanahawa, huku akicheka, kwamba damu hiyo angeitamani iwe yake. Walipanda hata gari moshi hadi Igalula kwa mtaalamu wa majini. Huko Nassibu alishindwa kuvumilia joto la moshi wa buhuri aliofukizwa, akamtia mtaalamu teke akakalia chungu chake mwenyewe, na dawa ikaishia hapo.

"Damu imeshasema," Abbasi aliendelea. "Hana ugonjwa. Ana ukorofi."

Mzee Mussa alitafakari, akakata shauri. Waende Kitete, hospitali kubwa, wapime kwa mara ya mwisho. Ugonjwa ukionekana, mke abaki amuuguze mumewe, na Shaban aombwe radhi. Damu ikiwa safi tena, Abbasi amchukue dada yake siku hiyo hiyo na Nassibu apelekwe polisi. Wote waliitikia. Mwanahawa naye aliitikia, na njia nzima alikuwa akimwomba Mungu kitu ambacho hakuna mke anayekiomba: mume wangu akutwe na ugonjwa.

Damu ikatolewa. Wakangoja kwenye benchi, Abbasi upande huu, Nassibu upande ule akitikisa goti. Majibu yakaja kwa mdomo, mlangoni.

"Hatukuona kitu. Damu yake haina tatizo lolote."

Abbasi alimshika Mwanahawa mkono kumwinua. "Twende zetu, mdogo wangu. Ni hasira tu."

"Nani ana hasira?" Nassibu alinguruma. "Nani? Mimi?"

Akainyanyua benchi ile, akairusha. Dirisha likamwagika vioo, wagonjwa wakakimbilia ukutani. Akamvaa Abbasi, akamng'ata sikio, Abbasi akampasua mdomo kwa kichwa, wakaanguka juu ya vioo wakigaragazana, na sakafu ikawa nyekundu isijulikane damu ipi ya nani. Askari wa getini alikuja na rungu, akapiga la mgongo, la mbavu, la goti. Mwanahawa alijitupa katikati akipiga mayowe na rungu moja likamkuta yeye. Mwishowe wanaume walimlalia Nassibu kifudifudi, na bado alikuwa akiwainua.

Daktari mmoja, Tobias, alitoka chumbani kwake. Alichuchumaa, akashika kifundo cha mkono wa Nassibu, akahesabu mapigo. Akamgeuza uso, akayatazama macho. Akapapasa shingo, chini kabisa, pale inapokutana na kifua. Akaagiza sindano. Nassibu alipolala, daktari hakuondoka. Alivuta kiti akakaa, akiushika tena na tena mkono ule uliolegea.

"Mama, njoo," alimwita Mwanahawa. "Shika hapa. Unasikia?"

"Unakimbia."

"Mtu mwenye hasira akilala, na moyo wake hutulia. Huyu amelala fofofo na moyo bado uko mbioni. Kuna tezi hapa kooni, kazi yake ni kuuchochea mwili. Yake inachochea kupita kiasi. Kwa wengine huvimba ukaiona, ndilo rovu. Ya huyu imejificha chini."

"Na damu, Daktari? Mbona safi?"

"Damu tuliiuliza malaria na kaswende. Hili hatukuiuliza, na hapa hatuna vyombo vya kuiulizia. Mumeo ni mgonjwa, mama. Ni mgonjwa sana."

Mwanahawa alipiga kigelegele. Ndani ya wodi, kanga imelowa damu, pengo limeachama, alipiga kigelegele mpaka muuguzi akaja kumziba mdomo. Abbasi, sikio limefungwa bendeji, aliinamisha kichwa akaomba radhi.

Vidonge vya Daktari Tobias vilifanya kazi yake polepole. Jasho likakauka, mashavu yakajaa, mkanda ukarudi kwenye tundu lake la zamani. Ile sauti ndogo ikarudi, na randa ikarudi kuteleza. Nassibu alimtengenezea Shaban kitanda cha mninga, akakibeba mwenyewe hadi kwake, na Shaban akamkumbatia kwa mkono wake mzima. Mtaani Mwanahawa akawa mfano, wanawake wakiambiwa wakamtazame mke anayejua kumpigania mume. Alifurahi. Aliringa kidogo pia, na nani angemlaumu?

Ikafika alasiri moja, mvua zimekwisha. Mwanahawa alikwenda kwa Abbasi, ambaye mkewe alikuwa amejifungua, na hakuaga kwa kuwa Nassibu alikuwa karakana. Aliporudi alimkuta anakunywa kahawa.

"Ulikuwa wapi?"

"Kwa kaka. Wifi kajifungua mtoto wa kiume."

Nassibu aliweka kikombe chini taratibu. Akainuka, akafunga dirisha. Akaenda mlangoni akatia komeo. Mwanahawa alidhani anataka kumwambia siri. Katika ugonjwa wake wote mtu huyu hakuwahi kufunga hata pazia. Alipigana juani, mbele za watu, na yeyote aliyekuwa karibu.

Alimpiga mbavuni, pale kanga inapofunika. Akampiga tena pale pale, na alipojikunja akampiga mgongoni. Uso hakuugusa. Mwanahawa aliitazama mikono ile na haikuwa ikitetemeka. Aliutazama uso akitafuta jasho, akayatafuta yale macho yaliyotoka, asiyaone. Yalikuwa macho ya mumewe, yametulia. Kitu kikavunjika ubavuni, akatema damu mkekani.

"Siku nyingine utaaga," Nassibu alisema kwa ile sauti yake ndogo. Akafungua dirisha, akakaa, akachukua kikombe. "Na ukienda kwa Balozi, nitasema ugonjwa umerudi. Watanihurumia."

Hapo ndipo palipomuuma kuliko ubavu. Neno lile, ugonjwa, Nassibu alilipata wapi kama si kwake yeye? Yeye ndiye aliyelihangaikia hadi Kitete, akalipigia kigelegele, akamletea nyumbani.

Alijifunga kanga, akatoka ameinama, akishika kuta za watu. Mzee Mussa alikuwa barazani kwake na Shaban na majirani wengine. Walipoiona damu mdomoni mwake waliinuka wote.

"Lahaula! Mwanangu, ugonjwa umemrudia tena?" Balozi alisema, akitafuta viatu vyake. "Masikini Nassibu. Shaban, kimbia ukatafute gari. Tumuwahi Kitete kabla hajajidhuru."

"Masikini," wakaitikia wengine. Shaban alikuwa ameshafika barabarani.

Mwanahawa aliegemea nguzo ya baraza. "Ndiyo" ilikuwa mdomoni tayari. Angeitamka tu, na nyumba yake ingebaki, na mume wake angebaki mtu mwema anayesumbuliwa na tezi, na yeye angebaki yule mke wa mfano. Alivuta pumzi, ubavu ukamchoma mpaka akaona giza.

"Shaban, rudi," alisema. "Balozi, msihangaike na gari. Mume wangu amepona."