Kikombe Kilichoelea

Felician wa Mogitu alikuwa mtu wa bia mbili, na kijiji kizima kilimtania kwa hilo. Ya kwanza aliinywa taratibu kama uji wa moto. Ya pili aliishikilia mpaka ikapata joto mkononi. Ya tatu hagusi, hata umpigie magoti. Mkewe Marieta alijivunia jambo hilo kuliko alivyojivunia ng'ombe wao, na kwa kuwa alikuwa na ulimi mkali, alilitangaza hata pasipohitajika, hasa mbele ya shemeji yake Vicent.

Vicent, mdogo wake Felician, yeye hakuwa na hesabu. Alikuwa akifanya kazi baa huko Arusha, akaja nyumbani kwa ajili ya kipaimara cha Eva, binti wa kaka yake, na tangu misa ilipokwisha alikuwa amelewa. Ulevi wake haukuwa wa ugomvi. Alikumbatia watu, akaimba, akalala popote, akaamka na kuomba chai. Watu walishamzoea, na mtu akishazoeleka hivyo hakuna anayemwangalia mara mbili.

Pilau ilipokwisha na wageni wengi kuondoka, sebuleni walibaki wanaume watatu: Felician, Vicent na jirani yao Onesphory. Vicent akatoa mfukoni vigilasi viwili vya kioo, vidogo kuliko kikombe cha kahawa.

"Kaka, leo nakufundisha kuzamisha," alisema.

Akaeleza kama fundi. Unamimina bia kwenye glasi kubwa, isijae. Unajaza kigilasi pombe kali. Unakidondosha ndani ya bia, povu linapanda, nawe unabugia yote kwa mkupuo mmoja kabla povu halijashuka.

"Mimi nimeshamaliza zangu mbili," Felician alisema.

"Hii si yako, kaka. Hii ni ya Eva. Kwani mtoto anapata kipaimara mara ngapi?"

Marieta alikuwa jikoni, ng'ambo ya ua, na masikio yake hayakuwa na kazi nyingine. "Vicent! Mwache mume wangu!"

"Moja tu, shemeji!"

Vigilasi vilikuwa viwili na watu watatu, kwa hiyo Vicent akatoka akiyumba kutafuta kingine. Punde kicheko kikapasuka sebuleni. "Hiki kinaelea! Kizamishe na kidole!" Marieta akasonya na kuendelea kusugua sufuria.

Ng'ombe waliporudi alasiri, akaona bora apulizie dawa ya kupe mwenyewe, maana wanaume wa siku hiyo hawakuwa wa kutumwa. Dawa ile ni kali. Hupimwa kidogo tu kwa kikombe cha plastiki chenye mistari, kisha huchanganywa na ndoo nzima ya maji. Felician aliipima jana yake, mvua ikamkatiza, akakiacha kikombe, dawa ikiwa bado ndani, dirishani stoo, juu, mtoto asikifikie. Marieta akanyoosha mkono. Hakikuwepo.

Alitafuta chini ya dirisha, akatafuta nyuma ya magunia ya mahindi. Alikikuta kwenye beseni la vyombo vilivyooshwa, kimefunikwa kifudifudi kando ya vile vigilasi viwili vya kioo.

"Genoveva," alimwita mke wa Onesphory aliyekuwa akimsaidia kuosha. "Hiki umekitoa wapi?"

"Sebuleni. Vilikuwa pamoja vyote vitatu."

"Onesphory yukoje?" Marieta aliuliza.

"Yuko nyumbani, ameshika redio. Mzima. Kwani kuna nini?"

Marieta alishakimbia. Alimkuta Felician nyuma ya nyumba, ameshika ukuta, anatapika, jasho limemlowesha shati la kanisani. Alipomuuliza alinywea kikombe kipi, alijibu maneno yasiyo na kichwa wala miguu.

"Amelewa tu, mwanangu," alisema mama mkwe wake, Agripina, akiwa mlangoni. "Mlaze, ataamka."

"Mama, mume wangu halewi!" Marieta alipiga kelele. "Umewahi kumwona amelewa? Huyu amekunywa dawa ya kupe!"

Akapiga simu kwa Bura wa bodaboda, akaingia ndani mbio kuchukua kanga na kadi ya bima. Vicent alikuwa amelala kwenye kochi, miguu imeziba njia, jasho linamtoka. Marieta alipompita, Vicent alishika pindo la gauni lake.

"Shemeji," alisema kwa sauti nzito. "Shemeji..."

"Niache na pombe zako! Umeniulia mume!" Akaubandua ule mkono, akairuka miguu yake, akatoka.

Walipanda pikipiki watatu, Felician katikati. Marieta alimkumbatia kwa nguvu zote, na hofu aliyokuwa nayo hakuwahi kuiona, hata siku alipomzaa Eva na damu ikakataa kukatika. Aliogopa mashimo ya barabara. Aliogopa zaidi pale kichwa cha mumewe kilipoanguka begani. "Taja ng'ombe wetu," alimwamuru. Felician akataja mmoja, akataja wa pili, akanyamaza. Marieta akamfinya ubavuni mpaka akapiga kelele, na kelele ile ilimpa raha kuliko wimbo wowote wa kwaya. Njia nzima alimfinya hivyo, huku akimwomba Mungu wake na kumtukana Vicent kwa pumzi hiyohiyo.

Kwenye kituo cha afya, Daktari Violeth alimmulika Felician machoni kwa tochi, akamsikiliza kifua, akamtazama mdomo.

"Mama, dawa ya kupe ingezifinya mboni zake zikawa kama tundu la sindano. Mate yangekuwa yanamchuruzika. Huyu hana hata dalili moja. Huyu amelewa."

"Mume wangu halewi."

"Ndiyo maana imemlaza hivi. Bia na pombe kali kwa mkupuo mmoja, na mwili haujazoea."

Marieta akaketi sakafuni, akacheka, akalia. Angemchapa Felician vibao pale pale kama si daktari kuwepo. Lakini Daktari Violeth hakucheka.

"Hicho kikombe kilitumika kweli? Nani alikitumia?"

Felician aligeuza kichwa kwa shida. "Changu kilizama," alisema taratibu. "Kilikuwa cha kioo, kiligonga meno. Cha plastiki kiliishia kuelea ndani ya povu, nami sikukitambua. Vicent alisema mimi na jirani tunywee vya kioo, kile kibovu akachukua yeye."

Marieta hakungoja amalize. Simu iliita mara nyingi ndipo Mama Agripina akapokea.

"Mama, Vicent yuko wapi?"

"Si yuko hapa, amelala. Anakoroma huyo! Mate yamelowesha mto mzima. Anaota, maana mikono na miguu inamrukaruka."

"Mama, mwamsheni!"

"Nimwamshe wa nini? Kwani leo ndiyo umemjua Vicent?"

Daktari Violeth akaichukua simu. "Shikamoo, mama. Mlazeni ubavu sasa hivi, mfuteni mdomo, mvueni shati lililolowa. Tafuteni gari mmlete. Sasa hivi, mama, hata kama haamki."

Tangu pale mpaka gari la kuazima la mwalimu wa kijiji lilipotokea na Vicent, Marieta alisimama getini. Hakuomba tena, maana hakujua aanzie wapi. Aliutazama mkono wake uliobandua vidole vya Vicent kwenye gauni, akauficha ndani ya kanga. Walimshusha midomo imekuwa rangi ya majivu, na Mama Agripina nyuma yake amevaa ndala zisizofanana, akirudia neno moja tu: nilidhani, nilidhani.

Walimchoma sindano, kisha nyingine, na usiku ule hakuna aliyeambiwa kama atapona.

Alipona. Siku alipoweza kuongea, Marieta ndiye aliyekuwa kando ya kitanda na chupa ya uji.

"Kaka mzima?" Vicent aliuliza.

"Mzima. Alikuwa amelewa."

Vicent akajaribu kucheka, kifua kikakataa. Akatazama dari.

"Nilikuita, shemeji."

Marieta alifungua chupa, akaifunga tena.

"Nilikusikia," alisema. "Nikadhani umelewa."

"Nilikuwa nimelewa pia," alisema Vicent.