Mashine Namba Tisa

Mama Tisa alipata jina lake kwa mashine namba tisa, aliyofumia vitambaa miaka thelathini na mmoja, mpaka kiwanda kikafungwa na mji mzima ukabaki umekunja mikono. Sasa halmashauri ilikuwa imeamua kuufufua. Mji ulipewa nembo mpya, ua la rangi tano ambalo hakuna aliyewahi kuliona likiota popote, na kaulimbiu mpya, "Mji Unaopumua", kana kwamba zamani watu wake waliishi bila pumzi. Kiwanda kilipakwa chokaa, kikaitwa Ukumbi wa Ubunifu.

Aliyetunga kaulimbiu hiyo alikuwa binti yake mwenyewe, ofisa wa halmashauri, kwa hiyo Mama Tisa aliicheka akiwa peke yake tu.

"Kwenye ufunguzi nitakuja," alimwambia, "ila zile mashine sita zilizobaki, namba tisa yangu ikiwemo, zisiguswe. Zingine mliziuza chuma chakavu nikanyamaza. Hizi, mwanangu, hapana."

"Hazitaguswa, mama. Mkurugenzi ameniahidi."

"Ya mkurugenzi sina haja nayo. Nataka ahadi yako."

"Basi nakuahidi mimi."

Siku ilipofika walikuja wafumaji wastaafu ishirini na wawili, wote wanawake, kila mmoja amejipamba kama anayeozesha. Waliwekewa viti nyuma kabisa, karibu na mashine zao, mbali na jukwaa.

Kuna jambo wakubwa wa jukwaani hawakulijua. Enzi zile mashine zilinguruma hata ukimpigia mwenzio kelele sikioni hasikii, ndiyo maana wafumaji walisemezana kwa midomo, bila sauti, kutoka pembe hii ya ukumbi hadi ile. Walisengenyana hivyo, wakapatana hivyo hivyo. Binti naye, akitoka shule, alikuwa akisimama nje ya dirisha, na mama yake anamuuliza kupitia kioo: Umekula? Alipokua aliacha kuja dirishani. Mama Tisa aliamini amekwishasahau, na jambo hilo lilimuuma kuliko alivyopenda kukiri.

Hotuba zikiendelea kupigiwa makofi, mkurugenzi alimwinamia binti na kumnong'oneza. Kutoka kule nyuma Mama Tisa alimsoma midomo neno kwa neno: "Lori linakuja saa kumi. Hao vikongwe wakishakwenda kunywa chai, mashine zitolewe. Pale tunaweka mkahawa."

Makofi ya wanawake ishirini na wawili yalikatika kwa mpigo mmoja.

"Vikongwe?" jirani yake aliuliza kwa midomo. "Yeye na kipara kile?"

Mama Tisa hakuwa na nafasi ya kucheka. Alikuwa akimtazama binti yake, ambaye ameinamisha kichwa. Amekubali, alijisemea. Mtoto aliyemsomesha kwa mashine namba tisa.

Kisha binti aliinua uso, akamtafuta kwa macho hadi akampata. Midomo yake ikatembea bila sauti, polepole, kama ya mtoto aliye dirishani: Mama, nami nimejua sasa hivi. Kaeni kwenye mashine. Msitoke.

Mama Tisa alifuta macho kwa pembe ya kilemba, akainuka, akaenda kuketi kwenye namba tisa. Wenzake walimfuata, wakabanana watatu watatu, wanne wanne. Chai ilitangazwa, hakuna aliyejitikisa. Waandishi wa habari wakageuza kamera zao.

"Hawa mbona hawatoki?" mkurugenzi aliuliza.

"Sijui, mheshimiwa," alisema binti, uso mkavu. "Pengine wanasubiri uwahakikishie kuwa mashine zinabaki. Kipaza sauti hiki hapa."

Mkurugenzi alizitazama kamera, akawatazama wale wanawake, akachukua kipaza sauti. Alitangaza kwamba mashine zinabaki hapo hapo siku zote, kwamba ni urithi wa mji, na kwamba wazo hilo lilikuwa lake tangu mwanzo. Alipigiwa makofi mpaka mwenyewe akaamini.

Katikati ya kelele zile Mama Tisa, mkono wake juu ya chuma cha namba tisa, alimuuliza binti yake kwa midomo: Umekula?

Ofisa wa halmashauri, mbele ya wageni wote wa heshima, alitikisa kichwa.

Bado, mama.